Int Si Long, na Kibaba Hakibebi Pishi

Nimekuwa kimya wiki kadhaa na wengine wenu mmeanza kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nilikuwa nimezama katika msimbo wa kerneli ya Linux, ile sehemu inayosimamia kumbukumbu, na nimetoka huko na jambo moja rohoni. Leo sitaandika kwa upole.

(Kabla sijasahau: naandika "msimbo" wala siandiki "kodi", kwa sababu hapa Mombasa kodi ni ile ya nyumba, na mwisho wa mwezi haina mzaha.)

Kisa chenyewe ni hiki. Jumamosi jioni nilikuwa nimekaa barazani hapa Tononoka, kikombe cha kahawa pembeni, mashine magotini. Kijana wa jirani akaja kukaa. Amemaliza chuo kikuu, amesomea kompyuta, na huniita ami kwa heshima tu, hatuna udugu wa damu. Akachungulia skrini. Nilikuwa nafuta neno `int` na kuandika `unsigned long`, mahali pamoja, kisha pa pili, kisha pa tatu. Akatazama kama dakika tano hivi, akacheka.

"Ami, na elimu yote hiyo, kazi yako ni kubadilisha neno moja liwe mawili? Kwani hiyo programu haifanyi kazi?"

Inafanya kazi. Hilo ndilo neno lililonikasirisha, na si yeye peke yake alisemaye. Nimelisikia kwa mameneja, nimelisikia kwa waalimu, na nimelisoma kwa Kiingereza kutoka kwa watu wenye majina makubwa: hizi ni kelele, hazibadilishi chochote, programu inayotoka kwa kompaila ni ile ile. Leo nataka kubishana na neno hilo.

Kwanza kwa wale wasioandika programu. Lugha ya C, ambayo ndiyo iliyojenga Linux, ina vyombo vya kuwekea nambari, na kila chombo kina ukubwa wake. Wazee wetu walipima nafaka kwa kibaba, kisaga ambacho ni vibaba viwili, na pishi ambayo ni vibaba vinne. C nayo ina `char` ya baiti 1, `short` ya baiti 2, `int` ya baiti 4, na `long` ambayo kwenye Linux ya biti 64 ni baiti 8. (Kwenye Windows ya biti 64 `long` imebaki baiti 4. Usiniulize, huo ni ugomvi wa siku nyingine.) Ukimimina pishi ya mchele ndani ya kibaba, vibaba vitatu vinamwagika sakafuni na kila aliyepo jikoni ataona. Katika C vinamwagika kimya kimya. Kompaila inachukua biti zinazoenea, zilizobaki inatupa, na kazi inaendelea.

Kisha kuna suala la alama. `int` ina uwezo wa kubeba nambari hasi, kwa hiyo kikomo chake cha juu ni 2,147,483,647. Ukiongeza moja hapo, kwa kawaida unajikuta kwenye 2,147,483,648 hasi. Ni kama mita ya gari iliyofika mwisho, isipokuwa badala ya kurudi kwenye sifuri inakwambia gari limetembea kinyumenyume hadi Nairobi na kupita.

Sasa tuingie kwenye kumbukumbu. Kerneli haigawi kumbukumbu baiti kwa baiti. Inaigawa kwa kurasa, na kwenye mashine nyingi tunazotumia ukurasa mmoja ni baiti 4096. Kutoka idadi ya kurasa kwenda idadi ya baiti, unasogeza biti 12 kushoto. Tazama mstari huu usio na hatia:

    int kurasa = 524288;
    long baiti = kurasa << 12;

Aliyeandika ameona `long` upande wa kushoto akaridhika. Lakini hesabu inafanywa upande wa kulia kwanza, ndani ya `int`, na 524,288 mara 4096 ni 2,147,483,648 kamili. Imepita kikomo kwa moja. Giga 2 tu! Pishi iko mezani, lakini mchele umeshamwagika kabla haujafika. Simu iliyo mfukoni mwako pengine ina zaidi ya hizo.

Mwingine huu hapa, na huu umewahi kuniibia siku mbili nzima:

    unsigned int ukubwa = 4096;
    unsigned long anwani = 0x7f3a12345678;
    anwani & ~(ukubwa - 1)

Nia ni kushusha anwani hadi mwanzo wa ukurasa wake. Jibu lilipaswa kuwa 0x7f3a12345000. Jibu unalopata ni 0x12345000. Kile kinyago cha biti kimetengenezwa katika chombo cha baiti 4, kikapanuliwa kwa kujazwa sifuri, na zile sifuri zikafuta nusu ya juu ya anwani. Hakuna onyo. Mashine yenye anwani ndogo haitaonyesha kosa hata ukiijaribu mwaka mzima.

Tumefikaje hapa? Linux ilizaliwa mwaka 1991 kwenye kompyuta ya 386, mashine ya biti 32, ambako `int`, `long` na pointa vyote vilikuwa baiti 4. Kibaba na pishi vilikuwa chombo kimoja chenye majina mawili, kwa hiyo mtu aliandika jina lililomjia mdomoni. Mwaka 1995 toleo la 1.2 likaingia na mashine za Alpha za biti 64, mwaka 2003 AMD akatoa Opteron, na tangu hapo majina yale mawili yakawa na maana mbili. Tabia ya mikono haikubadilika siku hiyo. Mimi mwenyewe nilijifunza C kwenye Pentium 4 ya mtumba, na kwa miaka nilidhani `long` ni namna ya kuandika `int` kwa madaha.

Utaniambia haya ni ya vitabuni. Basi twende kwenye ya kweli.

Mwaka 2013 Michel Lespinasse alibadilisha hesabu ya kurasa katika `get_user_pages()` kutoka `int` kwenda `long`. Hii ni kazi inayoshika kurasa za programu ya mtumiaji ili kerneli izitumie. Piga hesabu: eneo la anwani la terabaiti 16 ni kurasa 4,294,967,296. Weka nambari hiyo ndani ya `int` na unapata sifuri. Mtu ameomba terabaiti 16, kerneli imesikia hakuna alichoomba. Lakini `get_user_pages_fast()`, ndugu yake wa tumbo moja, iliachwa ikipokea `int` na kurudisha `int`. Kwa miaka mingi baada ya hapo ndugu hawa wawili wamefanya kazi moja huku mmoja akihesabu kwa pishi na mwenziwe kwa kisaga, na kila anayewaita wote wawili katika faili moja anapaswa kukumbuka yupi ni yupi. Halafu tunasema hakuna tatizo.

Mwaka 2019 Jann Horn wa Google alionyesha jambo lililonifanya nicheke peke yangu usiku. Kila ukurasa wa kumbukumbu ndani ya Linux una kihesabio cha biti 32 kinachosema wangapi wanaushika. Kikifika sifuri ukurasa hurudishwa kwa matumizi mengine. Wakati kihesabio kile kinabuniwa, nani angeweza kukijaza? Horn akaonyesha kwamba kwenye mashine yenye RAM ya kama GiB 140 mtu anaweza kuomba, na kuomba, na kuomba, hadi kihesabio kizunguke. Ukurasa unaachiliwa ilhali bado kuna anayeushika, na hapo mshambuliaji anaandika ndani ya kumbukumbu isiyo yake. Haba na haba hujaza kibaba, walisema, na kibaba kikijaa katika C hakifuriki, kinarudi kitupu. Tatizo lilipewa nambari CVE-2019-11487.

Na hapa nisimame kidogo, kwa sababu tiba yake inawajibu wale wanaodhani mimi nataka kila kitu kiwe biti 64. Torvalds hakukipanua kile kihesabio. Aliifanya kerneli ikatae kuongeza hesabu inapoona imevuka mpaka. Kwa nini? Kwa sababu maelezo ya kila ukurasa, yaani `struct page`, huchukua baiti 64 kwa kila ukurasa wa baiti 4096. Kwenye mashine ya GiB 16 kuna kurasa 4,194,304, maana yake MiB 256 zimeshakwenda kwa maelezo peke yake. Ongeza baiti 4 kwa kila moja na umekula MiB 16 nyingine kwa ajili ya kihesabio ambacho karibu kila siku kinasoma moja au mbili. Kumbe swali halikuwa "chombo gani kikubwa zaidi". Swali lilikuwa: tumeahidi nini kuhusu nambari hii, na nani analinda ahadi hiyo? Kabla ya 2019 hakuna aliyeilinda. Ilikuwa inalindwa na umaskini wa RAM.

Mfano wa tatu uko nje kidogo ya usimamizi wa kumbukumbu lakini siwezi kuuacha. Julai 2021 kampuni ya Qualys ilitangaza kosa waliloliita Sequoia, CVE-2021-33909. Mtumiaji wa kawaida, asiye na ruhusa yoyote, anatengeneza saraka ndani ya saraka hadi njia yake inapita giga 1, anaiunganisha, anaifuta, kisha anasoma faili moja ndani ya /proc. Kerneli inatenga bafa ya giga 2, na ukubwa wake uko katika `size_t`, chombo cha baiti 8. Sawa kabisa. Kisha ukubwa ule unakabidhiwa kwa kazi nyingine iliyoandikwa kupokea `int`. Giga 2 chanya zinakuwa giga 2 hasi, na kerneli inaandika baiti 10 mahali palipo zaidi ya giga 2 chini ya bafa yake. Baiti 10! Qualys walizitumia kujipa mamlaka yote ya mashine kwenye Ubuntu, Debian na Fedora kama zilivyokuwa zimesakinishwa. Kosa lilikuwa limekaa humo tangu 2014. Kwa miaka saba mtu yeyote angeuliza, angejibiwa: inafanya kazi.

Lakini niwe mkweli. Makosa haya matatu yana damu, na kutetea kitu chenye damu ni rahisi. Kijana wa barazani hakunikuta nikitibu kosa lenye damu. Alinikuta nikibadilisha aina mahali ambapo leo hakuna kosa lolote. Hilo ndilo la kutetea, na hapo ndipo kuna hadithi ninayoipenda kuliko zote.

Kila eneo la kumbukumbu ndani ya programu lina bendera zake: hili linasomeka, hili linaandikika, hili linaendesheka. Bendera hizo huwekwa katika sehemu iitwayo `vm_flags`, na aina yake ilikuwa `unsigned long`. Mwaka 2011 Mjapani KOSAKI Motohiro aligundua kwamba sehemu kadhaa za msimbo zilikuwa zinazishika bendera hizo kwa `int` au `unsigned int`. Akatuma kiraka cha kurekebisha. Torvalds akakipokea, akakigeuza kidogo kitumie jina jipya la aina, `vm_flags_t`, akaacha neno kwamba jina hilo litaenezwa kwingine baadaye, kwa kuwa kulikuwa na mazungumzo ya kuzifanya bendera ziwe biti 64 kila mahali.

Baadaye. Mnajua "baadaye" ya mafundi.

Jina lilikuwepo, msimbo mwingi ukaendelea kuandika `unsigned long` kama kawaida, kwa sababu vitu hivyo viwili vilikuwa sawasawa na hakuna kilichovunjika. Wakati huo huo bendera zikawa zinaongezeka. Kwenye mashine za biti 32 nafasi 32 zikajaa. Mambo mapya, kama funguo za ulinzi wa kumbukumbu za Intel zilizoingia mwaka 2016, yakawekwa juu ya biti ya 32, kwa hiyo mashine za biti 64 peke yake ndizo zilizoyapata. Na fikiria mtu aliyesahau akazipitisha bendera zake ndani ya `unsigned int`: zinazokatika ni zile za juu, yaani za ulinzi. Mlango unabaki na kitasa lakini kufuli imeanguka njiani.

Mwaka 2025 Lorenzo Stoakes akakaa chini akafanya kazi iliyoahidiwa 2011. Akapita faili baada ya faili, akiweka `vm_flags_t` kila palipokuwa na `unsigned long` inayobeba bendera, ili siku moja aina hiyo iweze kubadilishwa isifungwe na upana wa neno moja la mashine. Viraka vile vilipoingia, hakuna programu iliyokwenda kasi zaidi. Hakuna kosa lililotoweka. Ukikutana na kijana wangu atakwambia mtu mzima amepoteza muda wake. Mimi nasema miaka 14 ilipotea kabla yake, na kila mwaka uliopita uliongeza mahali pa kurekebisha.

Kiswahili chenyewe kinaweza kutufunza hapa. Mtu akisema "kitabu mzuri" mtoto wa darasa la pili atamcheka. Kwani hakueleweka? Ameeleweka vizuri sana. Lakini sisi tumezoea kwamba nomino ina ngeli yake, na kila neno linaloifuata linavaa sare ya ngeli hiyo: kitabu kizuri kile kimepotea. Upatanisho huo unafanya kazi masikioni. Mtu akianza na "ki" kisha akaendelea na "u", unajua papo hapo kwamba ameruka kwenda kitu kingine. Aina katika msimbo ni ngeli. Ukisoma kazi inayopokea `vm_flags_t` unajua kinachoingia ni bendera. Ukisoma `unsigned long` unajua nini? Inaweza kuwa anwani, inaweza kuwa idadi ya baiti, idadi ya kurasa, nambari ya fremu, bendera, au umri wa mwandishi. Idadi ya kurasa na idadi ya baiti zinatofautiana mara 4096, na zote zinaingia chombo kimoja bila kelele. Ni kama kumwambia mgeni kutoka Ulaya mkutane saa mbili asubuhi. Nambari ni moja, mna saa zote mbili mkononi, naye anajiuliza kwa nini mtu anamwamsha usiku wa manane.

Wenzetu wa kerneli wanalijua hili wakitaka. Mwaka 2005 Al Viro aliingiza `gfp_t`, aina ya bendera za kuombea kumbukumbu, kwa sababu kazi za kugawa kurasa zinapokea nambari mbili, bendera na ukubwa wa ombi, na mtu akizipindua kompaila ya kawaida inanyamaza. Chombo kinachoitwa sparse, alichokianzisha Torvalds mwenyewe mwaka 2003, ndicho kinachopiga kelele. Mwaka 2018 ikaja `vm_fault_t`. Kabla yake, kazi zinazoshughulikia ukurasa unaokosekana zilirudisha `int`, na ndani ya `int` hiyo kulikuwa na lahaja mbili: baadhi ya watu walirudisha bendera za VM_FAULT, baadhi wakachanganya na nambari hasi za makosa kama -12, inayomaanisha kumbukumbu imekwisha. Isome -12 kama bendera: karibu biti zote zimewaka. Umeuliza swali moja ukajibiwa ndiyo kwa maswali yote.

Upande wa pili una hoja, na nisipozitaja mtasema naogopa. Kubadilisha aina kwa pupa ni kosa lake lenyewe. Chukua `int` uigeuze `unsigned`, na ukaguzi wa `if (jibu < 0)` hautakuwa kweli tena hata siku moja. Kitanzi kinachohesabu kushuka hadi chini ya sifuri hakitasimama. Mtu anayepitisha amri moja ya kubadilisha maneno katika faili 300 halafu anaita hiyo ni usafi, huyo naye simtetei. Na ni kweli kwamba kila kiraka kinaongeza tabu kwa wanaorudisha marekebisho kwenye matoleo ya zamani. Gharama ipo. Ila gharama hiyo ni hoja ya kufanya kazi kwa uangalifu, faili moja kwa wakati, ukieleza kwa nini. Wanaoitumia kama hoja ya kutofanya kabisa wanakopa kwa jina la atakayekuja.

Wapo pia wanaonyamazisha onyo kwa kulazimisha aina, `(int)` hapa, `(unsigned long)` pale. Hawa ndio wabaya zaidi. Kompaila imekuuliza: una hakika? Wewe umeifunga mdomo. Kuna pahali pa haki pa kufanya hivyo. Kwenye mashine ya biti 32 yenye PAE, ambapo RAM inaweza kufika GB 64 ilhali `unsigned long` ni baiti 4, lazima uigeuze nambari ya fremu iwe `phys_addr_t` kabla ya kuisogeza biti 12, la sivyo kila kilicho juu ya GB 4 kinakatwa. Ukiigeuza baada ya kusogeza umepaka rangi ukuta ulioanguka. Mabano ni yale yale, tofauti ni mahali yalipokaa.

Na msiniambie Rust itamaliza yote. Imeingia kerneli tangu toleo 6.1, Desemba 2022, na kweli inakataa kuchanganya u32 na u64 bila wewe kusema. Lakini neno lake `as` linakata biti kimya kimya kama C. Mvivu atapata njia.

Sasa kwa nini mtu wa Tononoka ajisumbue? Nina sababu yangu, na si ya kujisifu.

Miaka kadhaa nyuma niliandika programu ya kuhifadhi nakala za hati kwa ofisi moja ya kuondosha mizigo bandarini. Kila usiku inachukua faili kubwa ya hati zilizoskaniwa, inaifungua ndani ya kumbukumbu, inaiandika kwenye diski nyingine, inasema "Imekamilika". Ukubwa wa faili niliusoma kutoka kwa mfumo, ambao unautoa katika baiti 8, nikauweka ndani ya `int`. Kompaila haikusema kitu. Nilikuwa natumia `-Wall` na nikijivuna nayo, sikujua kwamba onyo la ukataji huu, `-Wconversion`, halimo ndani ya hiyo "all". Ilifanya kazi. Ilifanya kazi vizuri sana hadi faili ilipovuka giga 2.

Usiku huo ukubwa ukawa hasi. Kitanzi kilichosema "endelea maadamu ulichoandika ni kidogo kuliko ukubwa" kikatazama, kikaona sifuri si ndogo kuliko nambari hasi, kikatoka bila kuandika hata baiti moja. Programu ikasema "Imekamilika". Ikasema hivyo usiku kumi na moja mfululizo. Siku ya kumi na mbili diski yao kubwa ikafa, nikaitwa nirudishe nakala, nikafika na tabasamu, nikafungua faili ya baiti sifuri mbele ya watu sita.

Hati zilikusanywa upya moja moja kutoka kwa wateja na mawakala. Wakati zinakusanywa, makontena yalikuwa yamekaa bandarini, na kila aliyewahi kutoa mzigo Kilindini anajua kontena lililokaa linalipiwa. Kuna mama mmoja mwenye duka la vitambaa ambaye mzigo wake ulikuwa wa kuuzwa kabla ya Idi. Ulitoka baada ya Idi. Hakunijua mimi, hakujua `int` ni nini, na hakuna aliyemweleza kwamba hasara yake ilitokana na neno la herufi tatu. Lile neno niliandika mimi.

Hiyo hadithi sikuwa nimewahi kumsimulia kijana. Jumamosi ile nilimsimulia. Hakucheka tena, lakini hakukubali pia, ni mbishi kama mimi. Akasema hilo lilikuwa kosa langu la kutokagua, wala si la aina. Nikamwambia sawa, chukua programu ile ile, toleo nililolirekebisha, ninalolitumia hadi leo na kuliamini, ikompaili na `-Wconversion` uone.

Jumapili asubuhi alinigongea mlango na mashine yake. Maonyo 61, katika programu yenye mistari chini ya elfu mbili. Mengi ni upuzi, hilo alikuwa tayari kuniambia kwa furaha. Lakini la 14 lilikuwa mahali ninapojumlisha ukubwa wa faili zote za mwezi, ndani ya `unsigned int`, yaani mwisho wake ni giga 4, na jumla ya mwezi uliopita ilikuwa 3.6.

Tumeketi nayo tangu siku hiyo, jioni, akitoka kazini. Tumefika onyo la 19. Yeye ndiye anayeandika, na kila anapobadilisha aina moja namlazimisha anieleze nambari ile inahesabu nini kabla sijamruhusu aende mbele.